Kwa Nini Mtu Amwue Nduguye?



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, niliketi chini ya mwembe wa kanisa pamoja na wazee wenzangu wawili. Mazungumzo yetu yakaangukia habari iliyokuwa midomoni mwa watu wote siku zile: kijana aliyemwua baba yake mzazi kwa sababu ya shamba. Mmoja wetu akasema, "Huyo si mtu, huyo ni mnyama." Wa pili akasema, "Ni shetani tu aliyemwingia." Mimi nikanyamaza, kwa kuwa nina neno langu ambalo limenikaa rohoni miaka mingi. Padri wetu alipopata habari ya mazungumzo yale akaniambia, "Mwalimu, usilimeze, liandike." Basi naandika, na kabla sijamaliza mtaona kwa nini nilinyamaza.

Kwanza tuyatazame majibu ya wazee wenzangu, maana ndiyo majibu yetu sote. Je, ni kweli kwamba mtu amwuaye nduguye ni mnyama? Nijuavyo mimi, mnyama hana wosia, hana mpaka wa shamba, wala hana kesi ya mahari. Hanoi panga mchana akangoja usiku. Mambo hayo ni ya wanadamu peke yao. Na kuhusu shetani, sisi Wakristo hatukatai kwamba yuko mjaribu. Lakini mjaribu naye hupita mlangoni, na swali letu ni: mlango gani? Mwalimu ambaye kila mwanafunzi akishindwa hesabu husema "ni shetani" hatajua kamwe ni wapi mtoto alipokosea.

Liko jibu la tatu: kwamba ni wendawazimu. Hapa pana ukweli, na yafaa tuutenge ili usituchanganye. Wako watu wagonjwa wa akili, na wako akina mama ambao kuzaa kwenyewe huwavuruga akili kwa muda. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu yalitambua jambo hilo: mama aliyemwua mtoto wake asiyetimiza miezi 12, hali akili yake imevurugika kwa sababu ya kuzaa, hahukumiwi kama mwuaji wa kukusudia. Watu kama hao wanahitaji hospitali na jamaa wa kukaa nao karibu. Lakini wengi wanaoua jamaa zao si wagonjwa wa namna hiyo. Walikuwa wakienda shambani, wakilipa ada za watoto, na wengine wakija kanisani.

Sababu yangu ya kuyapinga majibu haya ni kwamba yanatustarehesha mno. Kama mwuaji ni mnyama, au ni nyumba ya mashetani, basi mimi na wewe tu salama, kwa kuwa sisi ni watu. Lakini jambo hili si la nadra kama tunavyopenda kudhani. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia uhalifu ilikadiria kwamba katika mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na kati yao 51,100 waliuawa na waume zao, wapenzi wao au jamaa zao wengine. Hao ni kama 140 kila siku. Ni kweli kwamba wanaume ndio wanaouawa zaidi, kama wanane katika kila watu kumi; lakini wengi wao huuawa nje, na watu wasio wa nyumbani kwao. Katika kila wanaume 100 waliouawa mwaka huo, ni kama 12 tu waliouawa na mwenzi au jamaa. Kwa wanawake ni kama 60. Mahali tunapopaita pa salama kuliko pote, yaani nyumbani, ndipo palipowaua wanawake wengi kuliko njiani na sokoni.

Sasa tujiulize swali lenyewe. Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya undugu, na mara nyingi tunazisema pamoja bila kuona kwamba zinabishana. Moja yasema damu ni nzito kuliko maji. Nyingine yasema undugu ni kufaana, si kufanana. Ya kwanza yatuambia kwamba undugu tumezaliwa nao, haupotei. Ya pili yatuambia kwamba undugu ni kazi, nayo kazi isipofanywa haipo. Ipi ni kweli?

Wako wataalamu wawili wa Kanada, Martin Daly na Margo Wilson, ambao mwaka 1988 walitoa kitabu juu ya mauaji ya watu. Walionyesha kwamba wengi wa wale wanaohesabiwa kuwa wameuawa na "jamaa" kwa kweli wameuawa na mume au mke, wala si ndugu wa damu. Tena walionyesha kwamba mtoto wa kambo yumo hatarini zaidi kuliko mtoto wa kuzaa. Basi damu yazuia kitu, tusikatae. Lakini yazuia kiasi tu, haitoshi peke yake. Kaini na Habili walilala tumbo moja. Kama damu ingetosha, isingehitajika amri yo yote ya kutuambia tuwaheshimu baba na mama zetu. Mtu hapewi amri ya kufanya lile analolifanya bila kuambiwa.

Tena iko shida nyingine ambayo ndiyo mwanzo wa mambo. Undugu huzaa haki, na haki huzaa deni. Mtu nisiyemjua akipita mbele yangu na mkate asinipe, hajanikosea. Ndugu yangu akifanya vivyo hivyo, amenikosea sana. Mgeni hanidai wala simdai. Lakini baba ananidai utii, nami namdai ardhi. Mke anadai kutunzwa, mume anadai kusikilizwa. Kaka anadai heshima, mdogo anadai msaada. Kadiri mtu alivyo karibu nawe, ndivyo hesabu zenu zilivyo ndefu, na ndivyo uchungu ulivyo mwingi hesabu isipolipwa. Ndiyo maana chuki ya nyumbani ni kali kuliko chuki ya mitaani: ni chuki ya mtu anayeamini kwamba amedhulumiwa.

Mfano mmoja uko kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1960 kilitoka kitabu juu ya mauaji na kujiua katika Afrika, kilichokusanywa na Paul Bohannan. Ndani yake mama mmoja mtaalamu, Jean La Fontaine, aliandika habari za Wagisu wanaokaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kwao kijana akitahiriwa amekuwa mwanamume, na mwanamume humdai baba yake ardhi ya kulima na mali ya kuolea. Lakini mlima haukui. Watu wakazidi, mashamba yakawa madogo, na baba naye bado ana nguvu, labda anataka kuoa mke mwingine kwa ng'ombe wale wale ambao kijana anawahesabu kuwa ni mahari yake. Hapo ugomvi wa baba na mwana ukawa mkali, na mara nyingine ukaishia katika damu. Yatazameni vizuri mambo hayo: hakuna aliyesahau undugu. Kila mmoja alikuwa akiudai undugu wake kwa nguvu zote.

Walakini deni peke yake haliui. Nchi hii imejaa ndugu wanaodaiana, na wengi wanazeeka wakigombana na kuzikana kwa heshima. Kati ya deni na panga liko jambo jingine, nalo ndilo ninalotaka kulisema katika makala hii. Kabla ndugu hajauawa kwa mkono, huondolewa jina lake. Huacha kuwa "mama", "kaka", "mwanangu", akawa kitu kingine: mchawi, mwizi, mzigo, yule.

Tuifungue Biblia tuone. Ndugu zake Yusufu, kabla hawajamkamata, twaambiwa kwamba hawakuweza hata kusema naye kwa amani. Yaani salamu ndiyo iliyokufa kwanza. Walipomwona anakuja kwa mbali hawakumtaja kwa jina. Walimwita mwota ndoto. Mwota ndoto ni rahisi kuuawa. Kilichomponya ni nini? Reubeni aliwazuia wasimwage damu. Kisha Yuda akawakumbusha kwamba mtu yule ni ndugu yao, ni nyama yao wenyewe. Neno hilo halikutosha kuwafanya wema, maana walimwuza. Lakini lilitosha kuizuia mikono. Na katika mfano wa mwana mpotevu, yule kaka mkubwa aliyekasirika hakumwambia baba yake "ndugu yangu amerudi". Alimwita mwana wa baba yake. Baba naye katika kujibu alimrudishia jina lile lile alilolikwepa: huyu ni nduguyo. Na Kaini, alipoulizwa juu ya nduguye, alijibu kama mtu aliyeulizwa habari za mzigo ambao hakukabidhiwa.

Tazameni pia nyumba ya mfalme Daudi. Amnoni alimtendea jeuri Tamari, dada yake Absalomu. Daudi akakasirika, lakini hatusomi kwamba alifanya lo lote. Absalomu naye hakusema na Amnoni neno jema wala baya. Miaka miwili mizima ya kimya, kisha karamu, kisha damu. Wengi walidhani kimya kile kilikuwa amani. Nyumba ambayo mkosaji hahukumiwi na mkosewa hasikilizwi, kimya chake si amani hata kidogo.

Sasa niseme niliyoyaona mwenyewe. Nilipomaliza Chuo cha Ualimu Korogwe nilipangiwa kufundisha shule moja ya kijijini katika Mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa kijana mgeni, sijui Kisukuma. Aliyenifundisha kusalimu alikuwa mama mzee, jirani wa nyumba za walimu, mjane aliyekuwa akiniuzia karanga na maziwa. Kila asubuhi nilimwambia "Mwangaluka, mayu," naye akinicheka matamshi yangu na kunirekebisha. Alipikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba, kwa kuwa kuni zilikuwa za shida katika nchi ile ya wazi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama macho ya kina mama wengine wengi.

Mwaka 1980 mvua zilichelewa kijijini pale, na mtoto wa mwana wa nduguye akafa kwa homa. Niliona mambo kidogo kidogo. Kwanza watoto waliacha kupita uani kwake. Kisha kina mama waliacha kumngojea kisimani. Siku moja darasani, nikifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, nikawasikia wavulana wa nyuma wakinong'ona habari za "yule wa macho mekundu". Nilijua wanamsema nani. Nilijua pia macho yale yametokana na nini, maana tulifundishwa afya chuoni. Nikagonga meza, nikasema, "Nyamazeni, tazameni ubaoni." Tukaendelea na kugawanya. Baada ya majuma matatu yule mama alikatwa mapanga usiku, na miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mwana wa nduguye, mtu aliyelelewa mikononi mwake.

Sikumwua mimi. Lakini lile jina baya lilipita mbele ya macho yangu, nami nililikataza kelele tu, sikulikataza lenyewe. Mwalimu aliyekuwa na dakika tano za kueleza juu ya moshi na macho alizitumia kwa hesabu.

Baadaye nilifahamu kwamba sikuona jambo la kijiji kimoja. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928, wala haikuwaokoa. Mtaalamu mmoja wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, na mwaka 2005 akachapisha aliyoyapata. Katika miaka ya ukame au ya mvua za kupita kiasi, mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wazee, wa nyumba maskini. Na waliowaua mara nyingi walikuwa jamaa zao.

Fikirini maana yake. Chakula kikipungua, nyumba huanza kuhesabu midomo. Hakuna mtu awezaye kusema wazi, "Mama huyu anakula na halimi." Moyo wake utamhukumu. Lakini akiweza kusema, "Huyu si mama, ni mchawi, ndiye aliyeizuia mvua na kumla mtoto," basi hofu yake na njaa yake vimepata ruhusa. Sisemi kwamba anadanganya. Mara nyingi anaamini kabisa. Hapo ndipo palipo na hatari. Jina baya halimdanganyi anayesikia tu, lamdanganya na yule anayelitamka. Na ndiyo maana kumpa mzee kitu cha mkononi si hisani tu, ni ulinzi. Serikali ya Zanzibar tangu 2016 huwapa wazee waliofikia miaka 70 pensheni ya kila mwezi. Mzee mwenye senti zake anaweza kumnunulia mjukuu daftari, na ni vigumu kumwita mzigo.

Lakini mtaniuliza, na ni haki yenu: mume anayemwua mkewe naye je? Huyo hamwondolei jina, tena husema kwa sauti kubwa, "Ni mke wangu!" Ni kweli, na kwa muda mrefu swali hili lilinisumbua. Naona sasa kwamba yako makosa mawili, nayo yanakutana mwisho. La kwanza ni kumwondolea mtu jina la undugu. La pili ni kulifanya jina la undugu kuwa hati ya kumiliki. Mtu asemapo "jembe langu" na asemapo "mke wangu", neno ni lile lile, bali maana haifai kuwa moja. Jembe ni langu, mimi si wa jembe. Mke ni wangu, na mimi ni wake. Yeye anaweza kuniambia hapana. Mwanamume asiyeijua tofauti hiyo, siku mke atakapofunga mzigo wake aondoke, ataona ameibiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa baba anayewaua watoto wake kisha akajiua, akiamini kwamba hawawezi kuishi bila yeye. Anadhani ni upendo. Amesahau kwamba watoto wale ni watu, wenye maisha ambayo si yake. Katika makosa yote mawili, mtu aliye mbele yetu ametoweka. Mahali pake pamebaki ama mchawi, ama mali.

Basi sasa niyaseme yale yaliyonifanya ninyamaze chini ya mwembe.

Baba yangu alifariki mwaka 1986 bila wosia. Alituachia minazi na michungwa, na mpaka aliouonyesha kwa mdomo. Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani na kumwuguza wakati mimi nafundisha mbali. Nilipokuwa nimehamishiwa karibu, nikakuta amechuma safu tatu za michungwa ambazo mimi nilizihesabu kuwa zangu, akawauzia wenye malori. Nilimwambia, akanijibu vibaya. Toka siku ile sikumtaja tena kwa jina. Nyumbani kwangu alikuwa "yule mtu". Mke wangu aliona, akaniambia, "Mwalimu, nduguyo ana jina." Nikamkemea. Miezi minane nilikwenda ibadani, nikapokea Ushirika Mtakatifu, na sikumtaja.

Jumamosi moja ya mwaka 1987 niliambiwa anachuma tena. Nikachukua panga nikaenda. Sitawadanganya kwamba nilikwenda kukata majani. Nilipoufikia ua wake, mwanawe, mtoto wa miaka mitano hivi, akatoka mbio akanishika mguu. Akasema, "Baba mkubwa amekuja! Shikamoo, baba mkubwa. Umekuja kutusaidia kufyeka?" Mdogo wangu akatoka ndani. Akaliona panga, akayaona macho yangu, akaelewa. Hakusema kitu. Mimi nikasimama pale na mtoto mguuni, na neno lile "baba mkubwa" likinipiga kifuani, kwa maana mtu hawezi kuwa baba mkubwa wa mtoto bila kuwa kaka wa baba yake. Nikasema, "Ndiyo, nimekuja kufyeka." Tukafyeka ua ule sisi wawili mpaka adhuhuri.

Shauri letu lilikatwa na wazee wa ukoo baada ya miaka miwili. Nilipata safu moja, yeye mbili, kwa kuwa ndiye aliyemwuguza baba. Na leo naona walihukumu vema. Mdogo wangu alifariki mwaka 2011. Hakumwambia mtu ye yote habari ya siku ile. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kabla ya kuyaandika haya nilimwendea nikamsimulia na kumwomba ruhusa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba mkubwa, mimi nakumbuka tu kwamba siku ile tulikula machungwa."

Basi siwezi kusema kwamba mwuaji wa nduguye ni mnyama. Nilikuwa mwalimu, mtu wa kanisa, mwenye akili timamu, na nilikuwa nimebakiza hatua kama ishirini. Sikuokolewa na wema wangu wala na damu. Niliokolewa na mtoto aliyenisalimu kwa jina ambalo mimi nilikuwa nimelitupa. Kwa hiyo kama mkiniuliza ni ipi kati ya methali zile mbili iliyo ya kweli, nitawaambia kwamba damu hutupa jina, bali jina hulindwa kwa kazi, kila siku. Na salamu ni sehemu ya kazi hiyo. Shikamoo si adabu tu. Ni mtu kumwambia mwenziwe: nakujua wewe ni nani kwangu.

Yatupasa nini? Nitasema machache, kama mwalimu.

Wenye mashamba, gaweni mkiwa hai, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Kigingi kimoja kilichopigwa na baba mwenyewe chaweza kuwaepusha watoto wake na kesi ya miaka ishirini. Asiyependa kuandika wosia kwa kuogopa kujichulia kifo, ajue kwamba kifo hakingoji wosia.

Wazee wa kanisa, tusiseme "hayo ni mambo yao ya ndani" pale ambapo ndani mna kilio. Daudi alikasirika akanyamaza, na kimya chake kilimgharimu mwana. Na mwanamke anapokuja kutuambia kwamba mumewe ametishia kumwua, tusimwambie "vumilia, mama". Neno hilo limewapeleka wengine kaburini. Tumpatie kwanza mahali pa kulala salama, tumpeleke polisi. Mashauri ya ndoa yatafuata baadaye, kama yatafuata. Kusameheana ni jambo jema, lakini hakumlazimu mtu kulala chini ya panga.

Walimu na wazazi, tusikieni majina ambayo watoto wanawapa wazee, tusigonge meza tu. Tueleze. Moshi huleta macho mekundu. Uzee huleta mvi na usahaulifu. Homa ya mtoto inataka zahanati.

Na sisi sote, kila mmoja ajiulize kimya kimya: je, yuko jamaa yangu ambaye siku hizi simtaji kwa jina lake, nasema tu "yule"? Kama yuko, usingoje mpaka hesabu zenu ziishe. Huenda zisiishe kamwe. Nenda wiki hii ukabishe hodi, umsalimu kama ulivyofundishwa utotoni. Shauri la shamba mtalizungumza baadaye, mkiwa na wazee.

Nami nawaombea, nanyi mniombee.

Ni mimi nduguyenu,
Mwalimu mstaafu